A Dangerous Method: muvi ya Freud na Jung, ila mwenye stori ni Sabina

Mara ya kwanza kuiangalia hii muvi nilikuwa na dada yangu, yeye ni nesi na ameshafanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka kadhaa, tukafika pale daktari anapogonga mlango wa chumba alichopanga mgonjwa wake, dada akasema simamisha kwanza. Nikasimamisha. Akakaa kimya kidogo halafu akaniambia, "Kaka, mgonjwa akikupenda unatakiwa ujue siyo wewe anayekupenda." Sikumwelewa siku ile, nilidhani anaongelea maadili ya kazi tu, kwamba daktari asitembee na mgonjwa basi yameisha. Nimekuja kumwelewa baada ya kuirudia muvi mara ya tatu na kusoma barua walizoandikiana hawa watu, na sasa naona sentensi yake ile ndo ufunguo wa muvi nzima, ndo maana nimekaa niandike, kwa sababu wengi wanaoiangalia wanatoka wakisema ni muvi ya wazee wawili wanaogombana kuhusu mambo ya ngono, na kwa kweli wamekosa kilichomo ndani.

Muvi yenyewe ni ya mwaka 2011, mwongozaji ni David Cronenberg wa Canada, Michael Fassbender anacheza Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, Viggo Mortensen anacheza Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyejenga tiba ya kuongea, na Keira Knightley anacheza Sabina Spielrein, mgonjwa wa Jung. Skripti kaandika Christopher Hampton na imepita safari ndefu, kwanza ilikuwa skripti ya muvi iliyoitwa Sabina, haikutengenezwa, akaigeuza tamthilia ya jukwaani iliyochezwa London mwaka 2002, halafu ndo ikarudi tena kuwa muvi. Kwa hiyo hapo mwanzo kabisa kwenye jina la kazi alikuwepo Sabina peke yake, Freud na Jung walikuwa watu wa kwenye stori yake. Njiani wameenda wakipanda juu na yeye anashuka, na hicho ndo kilichomtokea hata kwenye historia.

Sabina alizaliwa mwaka 1885 Rostov, mji ulioko Urusi kwenye mto Don, familia ya Kiyahudi yenye uwezo, baba mfanyabiashara, mama amesomea udaktari wa meno. Nyumba ilikuwa na hela, lugha nyingi, piano na vitabu, lakini baba alikuwa anawachapa watoto, yeye mwenyewe Sabina alichapwa mpaka ana miaka kama kumi na moja, na baadaye akiona hata mtu mwingine anaadhibiwa mwili wake unachanganyikiwa kabisa, aibu na msisimko na hofu vinakuja kwa pamoja. Halafu mwaka 1901 mdogo wake wa kike, Emilia, akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka sita tu. Huyu mtoto kwenye muvi hayupo kabisa na mimi naona ni kosa kubwa, kwa sababu ukimwondoa Emilia ugonjwa wa Sabina unabaki kuwa stori ya viboko tu, wakati ukisoma unaona msiba ule ndo ulimwangusha.

Tarehe 17 Agosti 1904 akafikishwa Burghölzli, hospitali ya magonjwa ya akili ya Zurich, Uswisi, ana miaka 18. Analia, anacheka, anapiga kelele, anakunja uso, hawezi kumtazama mtu. Keira Knightley alipoigiza lile taya linatoka mbele na mikono inajisokota watu wengi walisema amepitiliza, ila kumbukumbu za hospitali zinaeleza kabisa kwamba alikuwa anakunja uso na mwili unashtuka shtuka, na mtu aliyewahi kukaa na ndugu mwenye hali kama hiyo hawezi kusema pale kuna kuzidisha. Daktari aliyepewa kesi yake ni Jung, miaka 29, kijana mwenye bidii sana chini ya mkuu wa hospitali Profesa Eugen Bleuler, ambaye baadaye kidogo ndo aliyeupa ugonjwa wa skizofrenia jina hilo tunalolitumia mpaka leo.

Sasa iangalie sini ya kwanza ya tiba. Chumba kitupu, viti viwili. Jung anamkalisha Sabina halafu yeye mwenyewe anakaa nyuma yake, anamwambia wataongea tu, na asigeuke kumwangalia. Mtu wa kawaida unajiuliza hii ni adabu gani, unaongea na mtu unampa mgongo? Lakini mbinu yenyewe ndo ipo hapo. Ukimwona daktari usoni utasoma macho yake, utaona amekunja uso, utarekebisha maneno umpendeze. Asipoonekana unabaki na maneno yako na picha zinazokujia zenyewe. Freud kule Vienna alikuwa akiwalaza wagonjwa wake kwenye kochi na yeye anakaa nyuma ya kichwa, sababu ni hiyo hiyo, pamoja na kwamba mwenyewe alikiri hapendi kukodolewa macho siku nzima.

Hii ndo tiba ya kuongea, na jina hilo halikutungwa na daktari, lilitungwa na mgonjwa, Bertha Pappenheim wa Vienna, aliyekuwa anatibiwa na Josef Breuer rafiki yake Freud miaka ya 1880 mpaka 1882, kwenye vitabu wakamwita Anna O. Huyo dada aligundua mwenyewe kwamba akieleza jambo mpaka akafika lilipoanzia, dalili inaondoka. Freud akalichukua wazo hilo akalijengea nyumba nzima, kwamba kuna sehemu kubwa ya akili ambayo mwenye akili mwenyewe haijui, kwamba mambo yasiyovumilika husukumwa huko chini, na huko hayafi, yanarudi kama ndoto, kama kuteleza kwa ulimi, kama mkono unaopooza bila sababu. Kwetu waliosoma fasihi chuo wanaijua hii kwa jina la saikolojia changanuzi, wameitumia kuchambua riwaya na wakapata maksi zao, ila wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kabla ya kuwa nadharia ya kuchambulia wahusika wa vitabuni ilikuwa ni mtu na mtu wamekaa chumbani, mmoja anaumwa.

Kuna kitu kingine muvi imekionyesha vizuri sana, kile kipimo cha maneno. Jung anamkalisha mkewe Emma mbele ya mashine, mikono imeunganishwa na kifaa cha kupima umeme wa ngozi, anamtajia neno moja na yeye ajibu neno la kwanza linalomjia. Sabina kakaa pembeni na saa anasoma muda. Inavyofanya kazi ni hivi, neno la kawaida unalijibu haraka, ukisikia meza unasema kiti, lakini neno likigusa fundo lako la moyoni unachelewa, sekunde moja, mbili, unacheka, unauliza umesemaje, unarudia neno lile lile, na ngozi inatoa jasho kidogo ambalo mashine inalikamata. Jung alikuwa na orodha ya maneno 100 na muda alikuwa anauhesabu kwa sehemu za tano za sekunde. Lile fundo yeye ndo aliyelieneza kwa jina la kompleksi, na leo mtu akisema fulani ana kompleksi bila kujua anaongea lugha ya Burghölzli. Kwenye ile sini baada ya Emma kutoka, Jung anamuuliza Sabina ameona nini, na Sabina anasoma yale majibu moja kwa moja, huyu mama ana wasiwasi na mimba yake na anaogopa mume anapoteza hamu naye, halafu anauliza, ni mkeo? Mgonjwa wa juzi tu! Kwa kweli Sabina alianza kusaidia kazi za utafiti akiwa bado amelazwa, hilo limeandikwa, na ni jambo muvi imelipitia haraka mno.

Nalikazania hili kwa sababu muvi inakufanya uamini kwamba kilichomponya ni mazungumzo na Jung, mazungumzo yakageuka mapenzi, basi. Lakini weka mambo yote mezani, alitenganishwa na familia iliyokuwa inamuumiza, akapewa ratiba, akapewa kazi ya maana, akachukuliwa kama mtu mwenye akili, Profesa Bleuler akamthibitishia kwa chuo kwamba anafaa kusoma, na Juni 1905, miezi kumi tu tangu aletwe akipiga kelele, akatoka hospitali, mwaka huo huo akaanza udaktari Chuo Kikuu cha Zurich. Chuo hicho kilikuwa kinapokea wanawake tangu miaka ya 1860 na mabinti wa Kirusi walijazana pale kwa sababu kwao milango ilikuwa imefungwa, hasa ukiwa Myahudi. Dada yangu anasema wodini ameliona mara nyingi, mgonjwa akipewa kitu cha kufanya chenye heshima, hata kugawa chakula, anabadilika kuliko alivyobadilika kwa vidonge.

Haya, twende kwenye ile sentensi ya dada. Kitaalamu inaitwa uhamishaji hisia na maana yake siyo ngumu. Hisia kubwa za utotoni, za baba, mama, mlezi aliyekupiga au aliyekuacha, haziishi, zinabaki zinatafuta pa kukaa. Ukikutana na mtu mwenye mamlaka anayekusikiliza kwa utulivu zinamhamia yeye. Si umewahi kumwogopa bosi mpya ambaye hajakufanyia lolote, kumbe sauti yake ni ya babako mkubwa aliyekulea kwa fimbo? Au unampenda mwalimu mmoja mpaka unaumwa asipokusifia? Hapo umehamisha. Kwenye chumba cha tiba inakuwa kali mara kumi, kwa sababu mtu anasikilizwa kila siku kama hajawahi kusikilizwa maishani. Freud aligundua kwamba huo upendo, au hiyo chuki, ndo dawa yenyewe, kwa sababu fundo la zamani linakuwa limekuja chumbani likiwa hai, sasa daktari anaweza kumwonyesha mgonjwa, tazama, hili unalonifanyia mimi ni la nani hasa? Lakini dawa hiyo inafanya kazi kwa sharti moja, daktari asilipokee kama zawadi yake. Akilipokea, mgonjwa anakuwa amenyang'anywa matibabu na hajui, maana anadhani amependwa.

Kwenye muvi kuna kitu kidogo sana kinachoonyesha hili kuliko zile sini za kitandani. Wanatembea bustanini, koti la Sabina linaanguka chini, Jung analiokota na kulipiga piga kwa fimbo yake kutoa vumbi, taratibu kabisa, hana neno baya. Sabina anabadilika papo hapo, anataka warudi, hawezi kuendelea. Ni fimbo, ni nguo, ni mwanaume mwenye mamlaka. Jung hajafanya lolote ila kwa sekunde zile ameshakuwa baba wa Rostov. Ukiielewa sini hiyo umeelewa uhamishaji hisia bila kufungua kitabu.

Jung hakulishinda jaribu. Uhusiano wao ulipamba moto mwaka 1908, Sabina yupo chuo ila bado anamwona Jung, Jung ana mke na watoto. Je walilala pamoja? Muvi inasema ndiyo na inaonyesha mpaka Jung anamchapa Sabina kwa ridhaa yake. Hapo uwe makini, zile sini za kuchapana ni ubunifu, hakuna barua wala ukurasa wa diari unaosema hivyo. Sabina kwenye diari anaandika neno "ushairi", kwamba yeye na Jung walifanya ushairi, na wanahistoria mpaka leo wanabishana ushairi huo uliishia wapi. Muvi imechagua jibu moja na imelisimulia kana kwamba kila mtu analijua, na mimi sikulipenda hilo, maana mtu halisi aliyechapwa utotoni ameonyeshwa dunia nzima akichapwa tena ukubwani kwa jambo ambalo halina ushahidi.

Kisichobishaniwa ndo kinachouma zaidi kwa maoni yangu. Habari zilipomfikia mama yake Sabina akamwandikia Jung, na Jung akajibu kwa maandishi kwamba yeye aliweza kuacha nafasi ya udaktari na kuwa rafiki kwa sababu hakuwa analipwa, na kama mama anataka abaki ndani ya mipaka ya daktari basi walipe, ada yake ni faranga 10 kwa kila kikao. Soma tena hapo. Binti wa watu amevunjika, na daktari anaeleza kwamba mipaka inauzwa. Muda huo huo Machi 1909 anamwandikia Freud akilalamika kuna mgonjwa mwanamke anamchafulia jina, hamtaji. Mwezi wa tano Sabina mwenyewe akamwandikia Freud. Freud mwanzoni alimkingia kifua Jung, ukweli ulipotoka Jung akakiri mwezi wa sita kwamba alifanya ujanja mbaya, Freud akamwomba radhi Sabina.

Na humo katikati ya barua ndo likazaliwa neno ambalo leo kila mshauri nasaha duniani anafundishwa. Tarehe 7 Juni 1909 Freud anamwandikia Jung kuhusu kesi hii hii kwamba sisi madaktari lazima tujifunze kutawala uhamishaji wa upande wa pili, yaani hisia za daktari zinazomrudia mgonjwa, mafundo ya daktari mwenyewe yanayoamka. Ndo mara ya kwanza neno hilo kuandikwa. Kwa hiyo sheria inayomlinda mgonjwa leo, ile inayosema mtoa tiba naye apate wa kumsikiliza na kumchunguza, mizizi yake imepita kwenye maumivu ya Sabina. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa mfano.

Muvi inamleta pia Otto Gross, Vincent Cassel anamcheza vizuri sana, daktari na mtumiaji wa dawa za kulevya aliyeletwa Burghölzli mwaka 1908, anamwambia Jung usijinyime kitu, halafu anaruka ukuta anatoroka. Hili la kutoroka ni kweli kabisa. Na Jung kweli alimwandikia Freud kwamba kwa Gross alijiona yeye mwenyewe kama kwa pacha wake. Ila sikubali muvi inapomfanya Gross ndo shetani aliyemshawishi, maana inampunguzia Jung mzigo ambao ni wake.

Sasa ugomvi wa wazee. Jung na Freud walikutana mara ya kwanza Vienna, nyumbani kwa Freud, Berggasse namba 19, Machi 1907, inasemekana wakaongea saa 13 mfululizo. Freud ana miaka 50, amezungukwa na wanafunzi karibu wote Wayahudi, na ana hofu ya kweli kwamba Ulaya itasema hii ni sayansi ya Wayahudi na kuitupa. Jung ni Mswisi, mtoto wa mchungaji, anatoka hospitali kubwa yenye jina. Kwa hiyo Freud anamwita mrithi, mwaka 1910 anamsimamisha kuwa rais wa chama cha kimataifa cha saikolojia changanuzi. Muvi inauonyesha mpasuko kwenye vitu vidogo, na hapo Cronenberg nampa heko. Kwenye meli ya kwenda Marekani mwaka 1909 Jung anaelekea daraja la kwanza kwa hela za mkewe, Emma alitoka familia tajiri ya kutengeneza saa, Freud anabaki anaangalia. Wanasimuliana ndoto, ikifika zamu ya Freud anakataa kueleza zaidi, asije akapoteza mamlaka yake. Jung aliandika uzeeni kwamba ni hapo hapo mamlaka yalipopotea, kwa sababu ukishaweka cheo mbele ya ukweli, tiba ya kuongea imekufia mkononi.

Ile kauli ya Freud akiiona New York, kwamba hawajui tunawaletea tauni, tamu sana ila usiirudie kama historia, imesambazwa na Jacques Lacan, mchambuzi wa nafsi wa Ufaransa, miaka mingi baadaye na hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha. Kuzimia kwa Freud ni kweli lakini, Novemba 1912 Munich, wanaongea kuhusu farao Akhenaten aliyefuta jina la babake kwenye minara, Freud akaanguka, Jung akambeba mpaka kwenye kochi. Baba anasikia stori ya mtoto anayemfuta baba, mwili unajibu kabla ya mdomo. Januari 1913 wakaandikiana kukata urafiki. Kinadharia walitofautiana, Freud alishikilia kwamba nguvu inayosukuma nafsi msingi wake ni tamaa ya mwili, Jung akasema ni pana kuliko hapo, kuna dini, kuna hadithi za kale zinazofanana dunia nzima. Lakini ukisoma barua unaona nadharia ilikuwa nguo tu, ndani ni baba na mwana.

Hapa niseme kidogo jambo ambalo halimo kwenye muvi ila linatuhusu. Huyu Jung mwaka 1925 alishuka meli Mombasa, akapanda treni mpaka Nairobi, akaenda kukaa na watu wa Mlima Elgon, na mazungumzo alikuwa anafanya kwa Kiswahili cha kuungaunga na kamusi ndogo mkononi. Alikuwa anawauliza ndoto zao. Mzee mmoja, mganga, akamwambia kwamba tangu wazungu wamekuja hawaoti tena, zamani ndoto ndo zilikuwa zinawaambia kuna vita au ugonjwa au mvua, sasa Mwingereza ndo anajua kila kitu. Nikisoma hapo huwa nasimama, mtu aliyetumia maisha yake kusema ndoto ni sauti ya ndani anaambiwa, kwa lugha yetu hii, kwamba sauti hiyo inaweza kunyamazishwa na utawala.

Turudi kwa Sabina, kwa sababu muvi inamwacha mwaka 1913 ana mimba, analia ndani ya gari, kama vile kazi yake ilikuwa kupenda tu. Mwaka 1911 alishamaliza udaktari kwa tasnifu kuhusu lugha ya mgonjwa wa skizofrenia, akionyesha kwamba maneno yanayoonekana ya kichaa yana maana ukiyasikiliza vizuri. Oktoba mwaka huo akakubaliwa kwenye chama cha Freud Vienna, mwanamke wa pili kuingia, na Novemba akasimama mbele yao akasoma kazi yake kuhusu uharibifu kama chanzo cha kuumbika. Hoja yake kwa lugha ya shambani ni kwamba punje ya mahindi haiwezi kuota ikabaki punje. Akauliza kwa nini tendo la ndoa, ambalo ni la kuleta uhai na raha, linakuja na hofu na hisia za kupotea? Akajibu kwa sababu kuungana na mwingine ni kweli kunayeyusha kitu ndani yako, mimi ya zamani inavunjwa ili kipya kizaliwe, na nafsi inalijua hilo, ndo maana inaogopa na kutamani kwa pamoja. Ni mwanamke aliyekuwa amevunjika mwenyewe na kujengeka upya, anajua anachosema. Wale wanaume hawakumwelewa vizuri. Kazi ikachapishwa mwaka 1912, na mwaka 1920 Freud alipotoa nadharia yake maarufu ya msukumo wa kifo, yaani kwamba ndani ya mtu kuna nguvu inayomvuta kwenye uharibifu, akamtaja Sabina kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, kwamba mengi ya haya alishayatangulia yeye. Maelezo ya chini ya ukurasa!

Aliolewa mwaka 1912 na daktari mwenzake Pavel Scheftel, akazaa Renata na baadaye sana Eva. Akafanya kazi Geneva na huko mwaka 1921 kijana mmoja alikuwa anakuja kulala kwenye kochi lake kila siku kwa miezi kama minane, anaitwa Jean Piaget. Walimu wote mliopita chuo cha ualimu mkakariri hatua za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto, mchambuzi wake alikuwa huyu huyu Sabina, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa tayari anaandika kuhusu watoto wanavyopata maneno yao ya kwanza. Mwaka 1923 akarudi Urusi, akafanya kazi Moscow, kisha Rostov kwao. Saikolojia changanuzi ikaminywa chini ya Stalin, kaka zake watatu, wote wasomi, wakakamatwa na kuuawa, mume akafa mwaka 1937. Julai 1942 jeshi la Wajerumani likaiteka Rostov, na Agosti wakawakusanya Wayahudi, wakawapeleka kwenye bonde la Zmievskaya Balka nje ya mji. Wanaokadiriwa kuuawa pale ni watu 27,000. Sabina alikuwemo na mabinti zake wote wawili.

Freud alishakufa London mwaka 1939, mkimbizi. Jung akaishi mpaka 1961, na kwenye kumbukumbu zake za uzeeni, ambazo zina nafasi ya Mlima Elgon na mzee wa ndoto, jina la Sabina halimo. Lingebaki halimo popote isingekuwa mwaka 1977 kule Geneva, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa la taasisi ya saikolojia, kukutwa boksi la makaratasi yake, diari, barua za Jung na za Freud, alizoziacha alipoondoka kurudi Urusi. Bila boksi lile hakuna vitabu, hakuna tamthilia, hakuna muvi ya kubishania.

Na kuna karatasi nyingine aliyoiandika akiwa bado amelazwa, mwaka ule ule wa 1904 wa kelele na kukunja uso, wosia. Ameandika mwili wake uchomwe, sehemu ya majivu imwagwe shambani, pale paoteshwe mti wa mwaloni, na paandikwe: "Mimi pia niliwahi kuwa binadamu. Jina langu lilikuwa Sabina Spielrein."